Kobai Walionyamaza

Siku kobai wawili waliponyamaza, Zakari alimshukuru Mungu kwa sauti. Alikuwa barazani, miguu kwenye cherehani, pini mdomoni. Akasimamisha gurudumu, akatega sikio kuelekea chumba cha ndani, akasikia kimya.

"Mama Fatouma," alimwita mkewe, "unasikia? Bamezoea nyumba sasa. Bametulia."

Rabia alisikia, akashusha pumzi. Kelele za wanyama wale zilikuwa zimewatoa jasho wote. Kobai ni kinyama kidogo tu, panya aliyenenepa akasahau kuota mkia, lakini mluzi wake ni wa polisi. Akisikia mlango, akisikia sahani, akisikia hata karatasi ikichakarika, huanza: wiii, wiii, wiii, mpaka majirani wote wa Kamalondo wajue kwamba kwa Zakari fundi kuna kitu kinafugwa. Na mwaka ule haikufaa majirani wajue unafuga nini, sembuse ukiwa unafuga mali ya Mama Kapinga.

Mama Kapinga, jina lake Angélique, alikuwa jirani yao wa ukuta mmoja, mwalimu wa biolojia wa sekondari, mjane mwenye binti mmoja. Yeye na Rabia walichota maji bomba moja na kuazimana chumvi bila kurudishiana. Fatouma wa Rabia na Kapinga walikua wakila sahani moja, haulizwi mtu ni ya nani. Angélique alizaliwa papo hapo Lubumbashi. Kasai alikuwa hajaikanyaga hata siku moja. Lakini babu yake ndiko alikotoka kuja kuchimba shaba, na wakubwa walipoanza kutangaza kwamba Katanga ni ya Wakatanga, babu huyo alitosha. Vijana wenye marungu wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Watu waliosalimiana jana wakaanza kupimana kabila kwa macho. Wenye asili ya Kasai wakatolewa majumbani mwao, wakaenda kulala gare, kwenye kituo cha reli, wangojee treni ya kuwarudisha kwao, na kwao ni nchi ambayo wengi hawakuijua.

Mchana alipoambiwa aondoke, Angélique alikuja mlango wa nyuma na boksi la sabuni mkono mmoja, Kapinga mkono wa pili. Ndani ya boksi walikuwemo kobai wa shule, Sukari mweupe na Majivu wa kijivu. Shule ilipofungwa kwa vurugu aliwaleta nyumbani, na Kapinga akawafanya watoto wake.

"Mama Fatouma, nisaidie," alisema. "Nichungie Kapinga. Mpaka treni ipatikane tu."

Rabia alifungua mdomo aseme ndiyo, ila mumewe alimtangulia.

"Mama, mutoto apana," alisema Zakari. "Banamujua hapa, kila muntu. Na siye ni bantu ba Maniema, siye pia tulikuya. Leo iko nyinyi, kesho itakuwa siye."

Zakari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa na akili timamu kabisa, ndiyo maana ilikuwa vigumu kubishana nayo. Lakini aibu ilimwingia pia. Macho yake yakakimbia uso wa mtoto, yakaangukia boksi.

"Ile boksi, leta," akasema. "Iko amana. Wallahi, hakuna kitu itabapata."

Basi ndivyo walivyomkataa mtoto wakapokea panya. Rabia alilimeza lile ndiyo lake. Tangu mchana ule alijiwekea jambo moja tu: wanyama hawa atawarudisha mikononi mwa mwenyewe wakiwa hai. Mengine yote alikuwa ameshayaharibu.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Mvua zilikuwa bado zinanyesha, nyasi zilijaa nyuma ya jiko, na Fatouma aliwatoa kobai kila asubuhi wakala wakacheza chini ya mlimau. Kisha Mwaba, jirani wa upande wa pili, akaegemea ukuta akakodoa macho.

"Ile panya haiko ya ule mwalimu Mukasai?" aliuliza, akicheka. "Nilijua bintu byake byote bilikwenda."

Alicheka tu, lakini mwanawe mkubwa alikuwa miongoni mwa wale vijana wa marungu. Alasiri ileile Zakari aliwahamishia wanyama chumba cha ndani, akafunga dirisha, akapiga marufuku kukata nyasi. Mtu asiye na mnyama, alisema, anakata nyasi za nini? Na kwa kuwa majani yamekatazwa, akaamua walishwe chakula cha heshima. Wakaanza kula wali.

Wali! Mwaka ambao mifuko ya unga ilikuwa inagombewa kwa viwiko, na sukari imekuwa kitu cha kusimuliwa. Lakini Zakari alilelewa na baba aliyetoka Kasongo, kule Maniema, ambaye mgeni akifika, wali na firigisi ni vyake, watoto watalala na uji. Amana kwake ilikuwa mgeni, na mgeni halishwi majani kama mbuzi. Kila siku Rabia alichota kijiko cha wali, akalowesha kipande cha mkate kwenye chai, akavipeleka ndani. Fatouma aliisindikiza ile sahani kwa macho mpaka mlangoni. Nyuma ya jiko malimau yaliiva yakaanguka, yakawa yanaozea chini, maana nani alikuwa na sukari ya kutengenezea maji ya limau?

Kisha ndio wakanyamaza, na Zakari akamshukuru Mungu.

Rabia naye alishukuru, kwa muda. Halafu ile shukrani ikaanza kumwasha. Aliingia na sahani, hakuna aliyeinua kichwa. Zamani walimkimbilia wakikanyagana. Sasa Sukari alikuwa amejikunyata pembeni, nywele zimesimama ovyo, kidevu kimelowa mate. Majivu alisogea mara mbili akakaa. Miguu yake ya nyuma aliivuta, haikukunjika sawasawa. Wali wa jana ulikuwa palepale, umekauka.

Aliinama akamkamata Sukari mgongoni, kama tunavyokamata kuku. Mnyama alipiga yowe. Haukuwa ule mluzi wa njaa. Ulikuwa ukelele mwembamba, wa maumivu matupu, na Rabia alimwachia haraka.

"Banaumwa," alimwambia mumewe barazani.

"Banashiba. Muntu akishiba analala."

"Baba Fatouma, kuja uone. Aiko usingizi ile. Ukimugusa analia. Ile siku ulifurahi ya kunyamaza, ilikuwa njo ugonjwa inaanza."

Zakari aliendelea kushona, lakini mshono ulikwenda upande. "Sasa tutafanya nini? Nani iko daktari ya panya mu hii muji?"

"Mwenyewe njo anabajua. Nitaenda gare."

Cherehani ikasimama. Gare! Hakuna mtu wa mtaa wao aliyekuwa amekwenda gare tangu watu walipopelekwa kule. Langoni walikaa vijana, na anayewapelekea chakula Wakasai hushikwa na kuulizwa yeye ni nani hasa. Zakari alimweleza mkewe hayo yote kwa sauti ya chini, mkono kwenye kitambaa. Rabia alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia jambo ambalo hakuwa amepanga kulisema.

"Uliapa. Ulisema Wallahi, mbele ya mutoto uliyemufukuza."

Rabia aliweka kitambaa ndani ya kikapu, akamlaza Sukari, aliyekuwa hoi zaidi, akajifunga mtandio, akatoka.

Langoni kijana mmoja alifunua kikapu akaruka nyuma. "Nini hii? Panya?"

"Iko mugonjwa," Rabia alisema. "Napeleka kwa muntu anayejua dawa yake."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwanamke mzima, mtandio kichwani, anatembeza panya mgonjwa! Wakamwacha apite, kwa kumwona punguani.

Ndani hakukuwa na kicheko. Watu walijaa kwenye saruji na kati ya reli, familia na familia, wamejigawia vyumba kwa masanduku, magodoro na makabati yaliyolazwa ubavu. Moshi wa makaa ulining'inia. Rabia alipita akitazama chini, kwa sababu kila aliyeinua uso alikuwa anaweza kuwa mtu wa Kamalondo. Angélique ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani, lakini alisimama kama vile yuko mbele ya darasa.

"Mama Fatouma," alisema.

Rabia alikuwa ametunga maneno njia nzima. Yote yalimtoroka. Alifunua kikapu tu. "Nimekuletea Sukari. Anakufwa, sijui anakufwa na nini. Nisamehe."

Angélique alikaa chini. Akapitisha mkono mmoja chini ya kifua cha mnyama, wa pili chini ya makalio, akamnyanyua akamleta kifuani mwake, mwili wote umebebwa, hakuna kinachoning'inia. Sukari hakulia. Rabia alishangaa kuona ni jambo jepesi hivyo.

"Hivi njo banabeba," Angélique alisema. "Ukimukamata mugongo, bifupa byote binamuuma. Na akiwa mugonjwa, inazidi." Kwa kidole alifunua mdomo wa mnyama. Ufizi ulikuwa umevimba, umekuwa wa zambarau. Akaminya goti kidogo sana, mnyama akashtuka. "Munabapatia nini?"

"Muchele," Rabia alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alijisikia ana kitu cha kujitetea. "Muchele muzuri, na mukate na chai. Fatouma mwenyewe hakuonja."

"Na majani?"

"Tuliacha. Ju ya Mwaba, ju ya majirani kuona."

Angélique alicheka, kisha kicheko kikavunjika njiani. "Papa Zakari anapatia kobai muchele," alisema, akipangusa macho. "Mungu wangu. Na mutoto yake anaangalia." Akashusha pumzi, akarudi kuwa mwalimu, maana hapo alipajua. "Sikiliza. Mbuzi, sungura, paka, bote banajitengenezea vitamini C mu mwili yabo. Kobai haina. Lazima aikule, kila siku, mu majani mabichi, mu matunda. Ukimunyima, ufizi inatoka damu, magoti inavimba, anaacha kutembea, ukimugusa analia. Halafu anakufwa. Mupatie nyasi, matembele mabichi, pera. Atapona, haijakawia. Banyama babili banalingana ku hii maneno: kobai na muntu."

Neno la mwisho alilisema polepole kuliko mengine. Rabia hakulitilia maanani, kwa kuwa tangu alipofika macho yake yalikuwa yanatafuta.

"Kapinga iko wapi? Afurahi na Sukari kidogo."

"Analala."

Jua lilikuwa la utosini. Rabia alichungulia nyuma ya masanduku. Mtoto alikuwa amelala ubavu juu ya kitenge, macho wazi, magoti yamekunjwa. Alimwona Rabia, akamwona Sukari akiwekwa karibu na uso wake, akatabasamu, lakini hakuinuka. Mtoto yule ambaye zamani ungemfungia mlango akatokea dirishani.

"Kuja, mama mudogo, simama basi," Rabia alisema, akamwingiza mikono makwapani amnyanyue, kama kila shangazi anavyofanya.

Kapinga alipiga yowe. Ulikuwa ukelele uleule, mwembamba, wa maumivu matupu, ule wa chumba cha ndani. Rabia aliganda. Akamrudisha chini taratibu, na kwa kidole akafunua mdomo wa mtoto. Ufizi ulikuwa umevimba, umekuwa wa zambarau. Miguuni, juu ya ngozi iliyopauka, kulikuwa na madoa meusi kama ya kipigo.

Aligeuka. Angélique alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kifuani. Hakuwa na mshangao wowote.

"Ulijua," Rabia alisema.

"Nilijua tangu damu ya kwanza. Nafundisha hii kintu miaka na miaka." Sauti yake ilikuwa kavu. "Hapa tunakula bukari ya unga na chumvi. Kukiwa na bahati, maharagi. Nilikwenda ku lango kuomba indimu moja. Moja tu. Balinicheka."

Indimu! Rabia aliuona mlimau wake. Aliyaona malimau yaliyooza chini, aliyoyafagia yeye mwenyewe kwa ufagio wa chelewa na kuyatupa na majivu, akilalamika kwamba yanaleta nzi. Akakaa palepale sarujini. Alilia, na hakujaribu kujificha. Umbali kutoka mti ule mpaka mdomo wa mtoto huyu ulikuwa matembezi ya mama anayekwenda sokoni, naye hakutembea, kwa aibu, kwa kuogopa vijana, kwa kumwogopa Mwaba kucheka juu ya ukuta.

"Nipatie mutoto," alisema alipopata sauti.

"Bwana yako alisema apana."

"Alisema apana. Na miye nilinyamaza." Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Leo sinyamaze. Nipatie, Mama Kapinga. Apone. Treni ikifika, nitamuleta, hata nimubebe mpaka Kasai."

Angélique alitazama reli. Hakukuwa na treni, hakukuwa na moshi wa treni. Alipiga magoti, akamnong'oneza mwanawe kwa Kiluba cha nyumbani, maneno ambayo Rabia hakuyaelewa ila lile la mwisho, jina la Fatouma. Kisha akamshika Rabia mikono yote miwili, akaiweka mwenyewe mahali pake: mmoja chini ya kifua, wa pili chini ya makalio.

"Usimufunge ku mugongo. Miguu ikipanuka inamuuma. Mubebe hivi. Yote yake ikamatwe."

Rabia alisimama na mtoto kifuani, na Angélique akamtwisha kikapu cha Sukari kichwani. Mama hakulia. Alitembea nao mpaka pale alipoweza kufika, akasimama.

Langoni vijana walikuwa bado wana hamu ya kicheko. "Mama ya panya! Dawa ulipata?" Kisha mmoja akaona. "Uliingia na kikapu, unatoka na mutoto. Mutoto ya nani huyu?"

Rabia alikumbuka hofu ya mumewe, maneno yake yote ya busara, na akaona kwamba yote yalikuwa kweli, na kwamba hayakumsaidia chochote.

"Wangu," alisema. "Alinifwata, akapita kwenye uzio."

"Wako? Jina yake nani?" Kijana akanyoosha mkono kumgeuza mtoto uso, akamgusa goti. Kapinga alipiga ule ukelele, damu ya ufizi ikatiririka kidogo kwenye mtandio wa Rabia. Kijana akaurudisha mkono wake haraka, akaufuta kwenye suruali.

"Iko na nini?"

"Ile ya panya," Rabia alisema, akimtazama usoni. "Unataka kumubeba weye?"

Wakampisha. Alitembea bila kuharakisha, kikapu kichwani, mpaka barabara ikageuka. Mikono hakuilegeza.

Nyumbani, Mwaba alikuwa ukutani kwake. Alimwona, akamwona na aliyembeba. Rabia alimsalimia kwa jina, kwa sauti, akapita. Mwaba hakucheka. Rabia hakujua kama ni huruma au ni hesabu, na hakuwa na nafasi ya kujua.

Zakari alisimama barazani, pini mdomoni. Alitazama kikapu, akatazama uso wa mtoto, akazitoa pini moja moja akazichomeka kwenye kitambaa. Rabia alingoja aseme apana. Alikuwa na jibu tayari, na halikuwa jibu la mke mtulivu.

"Iko na ile ugonjwa ya kobai," alimwambia. "Ileile. Ju ya kukosa indimu, baba Fatouma. Indimu."

Zakari alizunguka nyuma ya jiko, akayaona malimau yaliyoanguka, akarudi. Alimwita Fatouma, akamtuma achume yale ya juu, mazima, na akate nyasi, nyasi nyingi, mchana kweupe, aone atakayeona. Kisha akamsogelea mkewe, akanyoosha mikono ampokee mtoto, akamshika makwapani.

Kapinga alilia.

"Haiko hivyo," Rabia alisema. Aliishika ile mikono mikubwa ya fundi, mmoja akauweka chini ya kifua, wa pili chini ya makalio. "Hivi. Yote yake ikamatwe."

Zakari alimbeba. Alisimama hapohapo barazani, mbele ya njia na wapita njia, mtoto kifuani, akiogopa hata kupumua. Ndani ya kikapu Sukari alisikia Fatouma akikata nyasi, akatoa mluzi mmoja mdogo, na hakuna aliyemwambia anyamaze.